Marehemu Masinde Muliro, msemaji wa Kitale aliyejua kujiandaa

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa heshima ya hotuba. Kila Ijumaa twakaa chini, khatibu apanda mimbari na fimbo yake mkononi, amhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, atoa khutba ya kwanza, aketi kidogo, kisha asimama kwa ya pili. Muda wote huo hapana ruhusa ya kuzungumza, hata kumwambia mwenzio anyamaze. Mpango wa khutba u tayari tangu zamani. Kazi iliyobaki kwa khatibu ni kujua atatia nini ndani yake, na kwa kiasi gani. Twawajua wanaoliweza jambo hilo, na wasioliweza twawajua zaidi. Mwandishi wa makala haya amepata kuketi katika arusi moja ambapo mzee aliyeombwa nasaha ya dakika tano alisema mpaka wali ukapoa na bwana arusi akaanza kusinzia. Mzee yule hakuwa na upungufu wa elimu. Alisimama tu bila kujua atashukia wapi.

Leo napenda tusafiri mbali kidogo na pwani, twende bara mpaka Kitale na Bungoma, tumtazame mtu aliyesifika kwa ulimi uliotulia: marehemu Masinde Muliro. Hakuwa Mwislamu, wala hakuwa mtu wa pwani, lakini maisha yake yaligusana na ya kwetu mara nyingi kuliko wengi wanavyokumbuka. Na kwa yeyote anayepaswa kusimama mbele ya watu, awe mwalimu wa madrasa, mwenyekiti wa chama cha ushirika au mposaji, maisha hayo yana mengi ya kutazamwa.

Kwanza niondoe utata wa jina. Msomaji wa Lamu akisikia jina Masinde kutoka Bungoma huenda akamfikiria Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, ambaye serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka 1948 ikamhamishia huko Lamu. Huyo ni mwingine. Wote wawili ni Wabukusu, na wote wawili wametoka sehemu za Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Elijah Masinde aliwahi kuwa mchezaji hodari wa kandanda, kisha akawa mtu wa kuamsha umati. Neno lake lilikuwa moto, na serikali ikaona njia ya kuuzima ni kumtupa mbali na wasikilizaji wake, mpaka baharini. Alifariki mwaka 1987. Masinde Muliro alichukua njia nyingine kabisa. Alipanga neno lake, akalipeleka mahali ambapo sheria inatungwa. Si shabaha yangu kusema nani kati yao alikuwa bora. Nasema tu kwamba nchi moja ndogo, katika kizazi kimoja au viwili, iliwatoa wote wawili.

Nchi yenyewe ni hii. Ukifika Eldoret ukaelekea kaskazini magharibi, wafika Kitale, mji uliolala kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Reli ilifika huko mwaka 1926, na wakati wa ukoloni mashamba makubwa ya wilaya ya Trans Nzoia yalikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Mahindi ndiyo dhahabu ya huko mpaka leo. Ukiteremka kuelekea mpaka wa Uganda waingia Bungoma, kwao Wabukusu, ambao ni sehemu ya jamii kubwa ya Waluhya. Wengi wa vibarua waliolima yale mashamba ya walowezi walitoka huko chini. Kwa hiyo Kitale na Bungoma zilikuwa nchi mbili zinazotazamana: moja ina ardhi, nyingine ina watu. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndilo lililompa Muliro hoja ngumu kuliko zote maishani mwake.

Wabukusu wana chuo chao cha hotuba ambacho hakina jengo. Wakiita kumuse. Mzee mwenye heshima akifariki, baada ya maziko watu hukusanyika, huketi na kuacha nafasi ndefu katikati, na msemaji maalumu husimama akatembea ndani ya nafasi ile, aende na arudi, na fimbo yake mkononi. Si kila mtu aweza kuifanya kazi hiyo. Huwa katika koo fulani, na anayeirithi huwa amewasikiliza wakubwa wake kwa miaka mingi. Kumuse si matanga ya kulia. Msemaji hueleza kabila limetoka wapi, koo zimegawanyika vipi, marika manane ya tohara yamefuatana vipi, mzee aliyezikwa alikuwa wa rika gani na ametenda nini. Kisha huwageukia walio hai akawaonya juu ya ugomvi, uchoyo na kuwasahau jamaa. Wakati anaposema hapana wa kumkatiza, wala wa kuipita njia yake. Msomaji atakuwa ameshaona ninachotaka kusema. Fimbo ipo, ukimya upo, mpangilio upo. Tofauti ni kwamba khatibu wetu aweza kuandika, na msemaji wa kumuse hubeba yote kifuani. Akikosea ukoo mmoja mbele ya wazee, wazee watajua, na sifa yake itakuwa imekwisha siku hiyo hiyo.

Katika nchi yenye mizani kama hiyo ndimo alimozaliwa Masinde Muliro mwaka 1922, katika kijiji cha Matili, sehemu za Kimilili. Mtoto aliyekulia huko hakuweza kudhani kwamba kusema mbele ya watu ni jambo la kubahatisha.

Alisoma katika shule za Wakatoliki, akavuka mpaka kwenda chuo cha St Peter's huko Tororo, Uganda, na mwaka 1949 akaenda mbali zaidi, Chuo Kikuu cha Cape Town. Tazama mwaka wenyewe. Chama cha Makaburu kilikuwa kimeshika serikali ya Afrika Kusini mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na sheria za kutenga watu kwa rangi zilikuwa zikitungwa moja baada ya nyingine. Kijana wa Bungoma alijifunza historia, falsafa ya siasa na ualimu darasani, na nje ya darasa akaona jinsi maneno makavu ya sheria yanavyoweza kumfukuza mtu nyumbani kwake. Alirejea Kenya katikati ya miaka ya 1950 akiwa na digrii, wakati Waafrika wenye digrii walikuwa wakihesabika.

Hakurudi kuwa mwanasiasa. Alirudi kuwa mwalimu, na sehemu ya kazi yake ilikuwa chuo cha ualimu cha Siriba, karibu na Maseno. Hapa nawaomba wasomaji tukae kidogo, kwa maana mimi naona ufunguo wa mtu huyu uko hapa. Katika chuo cha ualimu mwanafunzi hafundishwi hesabu au jiografia tu. Hufundishwa kuandaa somo. Kabla ya kuingia darasani lazima aandike: somo hili ni la nini, watoto hawa wanajua nini tayari, nitaanzia wapi ili wanifuate, nitatoa mfano gani wanaoujua kwao, nitauliza swali gani ili nijue wameelewa, na kengele ikilia nitakuwa nimefika wapi. Mwalimu wa walimu hukagua karatasi hiyo, akairudisha ikiwa na wino mwekundu. Mtu aliyefanya kazi ya kukagua maandalio ya wenzake hawezi tena kusimama jukwaani bila kujiuliza maswali yale yale.

Wala hakuwa peke yake. Mwezi Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Walichaguliwa wanane: Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala wetu wa pwani, Daniel arap Moi, Bernard Mate, James Muimi, Lawrence Oguda na Masinde Muliro. Hesabu waliopata kushika chaki: Muliro, Ngala, Moi, Mate, Odinga. Zaidi ya nusu. Kizazi cha kwanza cha wasemaji wetu wa Baraza kilitoka darasani, na labda ndiyo sababu hotuba zao za wakati ule, ukizisoma leo katika kumbukumbu rasmi, zina kichwa, kiwiliwili na miguu.

Uchaguzi wenyewe haukuwa mwepesi. Aliyeshindana na Muliro katika Nyanza Kaskazini alikuwa W. W. W. Awori, mwanahabari mzoefu, mtu aliyekuwa tayari ndani ya Baraza kwa kuteuliwa. Na masharti ya kura yalikuwa ya ajabu: aliyekuwa na elimu, mali au utumishi wa miaka mingi aliweza kupata kura zaidi ya moja, mpaka tatu. Nchi ilikuwa bado katika Hali ya Hatari, vyama vya nchi nzima vilikatazwa, na mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha serikali. Kwa hiyo mgombea hakuwa na mikutano mingi ya kuchezea. Kila aliposimama ilimpasa kuwazungumzia kwa pamoja mkulima mwenye kura moja na mwalimu au chifu mwenye kura tatu, asimdharau huyu wala asimchoshe yule. Muliro, mgeni katika siasa, alimshinda Awori.

Ndani ya Baraza alikuta desturi ambayo ingewafaa wasemaji wetu wengi. Katika mabunge yaliyoiga mfano wa Uingereza mjumbe hatakiwi kuisoma hotuba yake neno kwa neno kama mtu asomaye barua. Aruhusiwa kutazama muhtasari wake, basi. Sababu ni kwamba anayesoma hawezi kumjibu aliyemtangulia. Lakini desturi hiyo ina mtego: anayedhani kwamba kutosoma ni kutojiandaa hupotea. Mtu mwenye muhtasari wa mistari sita lazima awe ameifanyia kazi zaidi ya mwenye kurasa kumi, maana kila mstari unabeba hoja nzima ambayo yuko tayari kuieleza kwa urefu au kwa ufupi, kadiri ya dakika alizopewa na kelele zinazomkabili.

Kilichowapata wajumbe wale mwaka 1959 na 1960 kinaonyesha upande mwingine wa maandalizi, upande ambao vitabu vya kufundisha hotuba aghalabu huusahau. Mwaka 1959 Waafrika waliochaguliwa, ambao sasa walikuwa 14, waligawanyika. Muliro aliongoza Kenya National Party. Mboya na Odinga wakawa upande mwingine. Huku wakigombana, mkutano wa katiba katika jumba la Lancaster House, London, ulikuwa unakaribia. Kama wangekwenda kila mmoja na hotuba yake nzuri, wangeshindwa wote. Basi wakaketi wakakubaliana msimamo mmoja, wakamfanya Ngala kuwa kiongozi wa ujumbe na Mboya kuwa katibu, na wakamchukua mwanasheria Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, awe mshauri wao. Mkutano ulifunguliwa Januari 18, 1960. Wajumbe wa walowezi, ambao bila shaka walitumaini kuwakuta wamegawanyika, wakakuta mlango umefungwa. Kukubaliana nani atasema, atasema nini na nani atanyamaza, hiyo ni hotuba kabla ya hotuba. Wazee wetu wanaokwenda kuposa hulijua jambo hili vizuri: hawafiki nyumba ya watu kabla ya kuamua msemaji ni nani.

Umoja ule haukudumu. Katikati ya mwaka 1960 vikazaliwa KANU na KADU. Ngala akawa kiongozi wa KADU na Muliro naibu wake. Watu wa pwani walio wazee wakumbuka siku hizo, majimbo yalipokuwa gumzo la kila baraza kuanzia Vanga mpaka Kiunga, na suala la ukanda wa maili kumi wa Sultani likawa juu ya meza. Hofu ya makabila madogo kumezwa na makubwa ilikuwa hofu yetu na yao, na wanaume wawili waliopewa kazi ya kuieleza London walikuwa mwalimu mmoja wa Kigiriama na mwalimu mmoja wa Kibukusu. KADU ilipounda serikali mwaka 1961 Muliro alikuwa miongoni mwa mawaziri.

Nilisema tutarudi kwenye ardhi ya Kitale. Mipaka ya majimbo ilipokuwa ikichorwa mwaka 1962 na 1963, swali lilikuwa: Trans Nzoia iwe ya Jimbo la Magharibi, pamoja na Bungoma, au ya Bonde la Ufa? Kwa Muliro jibu lilikuwa wazi. Watu wake walikuwa wamelima udongo ule kwa miaka. Kwa Moi na Wakalenjin jibu lilikuwa wazi vile vile, kwa upande wa pili. Na wote wawili walikuwa chama kimoja! Hapa ndipo msemaji hupimwa. Kusema mbele ya adui ni rahisi. Atakupigia kelele nawe utajua ulipo. Shida ni kusema mbele ya rafiki ambaye, ukishinda, atakuwa ameshindwa. Trans Nzoia ilibaki Bonde la Ufa. Muliro hakuwaita watu wake wachukue mapanga. Alibaki Kitale, akawa mjumbe wa huko, akahimiza Wabukusu na wengine wajiunge wakanunue mashamba ya walowezi waliokuwa wakiondoka. Kuna watu waliomwona dhaifu kwa sababu hiyo. Mimi siafikiani nao, ingawa naelewa uchungu wao: mtu aliyetumwa kuleta nchi akarudi na ushauri wa kuchanga pesa hawezi kupokewa kwa vigelegele.

KADU ilivunjwa Novemba 1964 na wajumbe wake wakavuka kujiunga na serikali. Ngala akawa waziri baadaye, mpaka ajali ya barabarani iliyomwondoa Desemba 1972. Muliro naye akapewa wizara.

Sasa tufike mwaka 1974, mwaka ambao sisi wa pwani tulicheka kidogo. Mwezi Julai Mzee Jomo Kenyatta aliagiza kwamba lugha ya Bunge iwe Kiswahili. Wajumbe waliokuwa simba katika Kiingereza wakaanza kutafuta maneno kama mtu atafutaye sindano gizani. Sheria zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, ripoti kwa Kiingereza, makadirio ya fedha kwa Kiingereza, na waziri alitakiwa asimame ajibu kwa Kiswahili. Wajumbe wa Mombasa, Kwale na Lamu wakawa ghafla walimu wa Bunge zima. Mpaka 1979, Kiingereza kiliporudishwa kando ya Kiswahili, mjumbe aliyetaka kusema jambo la maana alikuwa na kazi mbili: kuandaa hoja, na kuandaa maneno ya kuibeba. Naona miaka hiyo ilikuwa na faida ambayo haikusemwa sana. Kiingereza cha Bunge kilikuwa kimejaa vifuniko. Mtu aliweza kuzungumza nusu saa asiseme kitu. Kiswahili kilimvua nguo. Jambo likisemwa kwa lugha ambayo mpishi na mlinzi wa mlangoni wanaielewa, hujulikana kama lina uzito au halina.

Na katika kipindi hicho hicho cha Kiswahili ndipo ilipofika siku kubwa ya maisha ya Muliro. Machi 1975 mjumbe wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, alitoweka, na maiti yake ikapatikana sehemu za Ngong. Bunge likaunda kamati ya uchunguzi, na mwenyekiti wake akawa mtu wa Bungoma, Elijah Mwangale. Ripoti ikaletwa Bungeni mwezi Juni, na inajulikana kwamba majina mawili yaliyo karibu na Ikulu yalifutwa kwanza. Serikali haikutaka ripoti ile ikubaliwe. Ilipendekeza neno moja libadilishwe: badala ya Bunge kuikubali ripoti, liitambue tu kwamba ipo. Msomaji, zingatia ukubwa wa jambo lililotundikwa kwenye kitenzi kimoja. Kuikubali ni kusema kwamba Bunge limesadiki yaliyoandikwa na lataka hatua ichukuliwe. Kuitambua ni kuiweka kabatini.

Muliro alikuwa Waziri wa Ujenzi. Desturi ya mawaziri ni kusimama pamoja. Asiyekubaliana hujiuzulu kwanza au hunyamaza. Kama angetaka kujificha, njia zilikuwepo nyingi: safari ya ghafla, ugonjwa wa tumbo, mkutano wa wizara. Kura zilipohesabiwa alikuwa upande wa wale wasiotaka kitenzi kibadilishwe, pamoja na mawaziri wadogo wawili, Peter Kibisu na John Keen. Serikali ikashindwa kwa kura chache sana. Wote watatu wakafutwa kazi mara moja.

Watu wamekwisha kuandika mengi juu ya siku ile, na wengi humsifu Muliro kwa ujasiri. Mimi naongeza jambo dogo tu. Ujasiri wa namna ile hauji wakati kengele ya kura inapolia. Mtu aliyezoea kujiuliza kabla ya kusimama, nataka kufika wapi na nitalipa nini nikifika, huwa ameshajibu swali hilo nyumbani. Waziri asiyelijibu nyumbani huangalia jirani yake amekaa wapi. Na hapo tena naona Siriba, na karatasi ya maandalio yenye wino mwekundu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka: chaguzi alizoshinda, nyingine alizoshindwa, mashtaka ya wizi wa kura, na ule uchaguzi wa mlolongo wa 1988 ambao hapana haja kuueleza kwa aliyekuwa hai. Mwaka 1982 Kenya ilikuwa imefanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria.

Agosti 1991 akaonekana tena mstari wa mbele. Wazee sita walitangaza kuundwa kwa FORD: Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge, na kutoka Mombasa, Ahmed Salim Bamahriz. Hata idadi yao ilikuwa imepangwa: walijihesabu wasifike kiwango ambacho kingewalazimu kuandikisha chama, maana kuandikishwa wangekataliwa. Wakatangaza mkutano wa hadhara Kamukunji, Nairobi, Novemba 16. Serikali ikaupiga marufuku, na Muliro akawa miongoni mwa waliokamatwa. Hotuba zao za siku hiyo hazikutolewa. Lakini mabalozi, waandishi wa habari na Wakenya walioziba pua kwa moshi wa kutoa machozi walielewa yote ambayo yangesemwa. Mwezi uliofuata kifungu cha chama kimoja kikafutwa katika katiba.

Januari 18, 1992, miaka 32 kamili tangu kufunguliwa kwa mkutano ule wa Lancaster House, FORD ikafanya mkutano wake wa kwanza wa halali pale pale Kamukunji. Umati ulikuwa wa watu laki kadhaa. Muliro, mwenye karibu miaka 70, alikuwa mmoja wa viongozi waliokuwa jukwaani. Umati wa namna ile ni mtihani mgumu kwa msemaji wa tabia yake. Umati hutaka moto. Nyuma hawasikii vizuri, mbele wanasukumana, na anayepaza sauti zaidi ndiye anayeshangiliwa. Katika FORD walikuwepo mabingwa wa kazi hiyo. Muliro alipendwa kwa jambo jingine: kila upande uliamini kwamba akisema neno ndani ya chumba atalisema lile lile nje. Chama kilipoanza kuchanika kati ya wafuasi wa Odinga na wa Kenneth Matiba, macho ya wengi yalimgeukia yeye kwamba huenda akawapatanisha.

Hakupata nafasi. Agosti 14, 1992, akirejea kutoka London, alianguka katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, akafariki. Kabla ya mwaka kwisha FORD ilikuwa imegawanyika mapande mawili na kuingia katika uchaguzi wa Desemba ikiwa hivyo.

Alizikwa nyumbani kwake Trans Nzoia, katika ule udongo wa Kitale aliougombania kwa hoja mwaka 1962. Uwanja wa michezo wa Kanduyi, Bungoma, umepewa jina lake, na Kakamega kuna chuo kikuu kinachoitwa Masinde Muliro. Hotuba zake zimo katika kumbukumbu rasmi za Bunge, kuanzia zile za Kiingereza za 1957 mpaka za Kiswahili cha miaka ya 1970, na anayetaka kujifunza kazi hii aweza kuziomba katika maktaba akazisoma polepole. Nashauri aanze na zile fupi.